Mikono ya Kunegunda

Kazi ya kwanza ya Kunegunda kila asubuhi ilikuwa kuosha mikono ya Bwana Daktari. Si ile ya kuzaliwa nayo. Hiyo bwana aliiosha mwenyewe, chumbani kwake, kwa karboli, ile dawa kali inayonuka mpaka nje. Kunegunda aliosha ile mingine, glavu za mpira zilizotoka Ulaya, ambazo watu wa banda waliziita mikono ya bwana. Alizitumbukiza kwenye ndoo, akazisugua damu na usaha wa jana, akazigeuza nje ndani kidole kimoja kimoja, akazinyunyizia unga zisigandane, kisha akazianika kwenye kamba nyuma ya banda. Kazi hiyo yote aliifanya kwa mikono mitupu.

Banda lenyewe lilijengwa harakaharaka mwaka ule wa vita, fito na nyasi, kando ya kijito cha Ruhuwiko, chini ya boma la Wajerumani pale Songea. Walilazwa humo askari wa boma, wapagazi, na mateka ambao serikali ilitaka wapone kwanza ndipo iamue la kuwafanya. Polikarp, kijana aliyesomeshwa na mapadri kabla misheni haijachomwa moto, alifunga vidonda na kutafsiri maneno ya bwana. Kunegunda na Tabu walifua vitambaa vya vidonda, maana vitambaa havikutosha, na kilichofungwa kwenye paja la mtu leo kilitakiwa kesho kichwani kwa mwingine.

Kazi ya kufua vitambaa usiione hivihivi. Ndani ya vitambaa mlikuwa na vipande vya mifupa, na pini, na vitu vingine visivyo na jina. Ukijichoma, kidole kinavimba. Kidole si neno. Lakini siku ya pili au ya tatu mstari mwekundu unatoka kwenye kidole, unapita kiganjani, unapanda mkono polepole, haukimbii wala hausimami, na ukifika kwapani watu wanaanza kuulizana jembe liko wapi. Rupert, mbeba machela, aliondoka hivyo. Lidwina, aliyekuwa akifua kabla ya Tabu, naye hivyohivyo. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata ya kuulizana mmeamkaje, watu wa banda walikunja nguo na kuonyeshana mikono.

Polikarp alikwenda kuomba. Aliomba karboli kidogo ya watu kunawia, na sabuni, na kama ikiwezekana jozi nyingine ya ile mikono. Bwana Daktari hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akajibu kwamba karboli inatoka Kilwa vichwani mwa wapagazi, nusu ya chupa zinavunjika njiani, na iliyobaki ni ya wagonjwa na ya kwake. Na kwamba, tena, ngozi ya mtu mweusi ni nene kwa asili, haiingii uchafu kirahisi. Polikarp alirudi nyuma ya banda, watu wakamzunguka wapate kusikia.

"Bwana anasema tusubiri," alitafsiri.

Huyo bwana alikuwa na jambo moja lililomtofautisha na wenzake wa bomani: alipenda salamu. Alijifunza Kiswahili kwa bidii, na katika Kiswahili chote hakuna alichokipenda kama kujuliana hali. Alimsalimu mpishi, akamsalimu mfagiaji, akauliza habari za nyumbani na za shamba hata kwa watu ambao shamba lao lilichomwa na boma lilelile. Akauliza, akasimama kungoja jibu. Nyuma yake alitembea Shaushi Nassoro, askari wa boma, na kiboko kiunoni, kwa sababu ilikuwa amri ya boma kwamba mwenyeji asiyemjibu Mzungu apigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Watu walijibu vizuri.

Tabu alikuwa Myao wa upande wa Tunduru. Alifuatana na mumewe mpagazi, mume akafia njiani na mzigo wa chumvi kichwani, naye akabaki Songea kwa kuwa ndiko alikokuwa. Mngoni na Myao ni watani. Babu zao walipigana mno hata wajukuu wakaruhusiwa kutukanana bila kununiana. Basi Tabu alimtania Kunegunda tangu jogoo mpaka jua kuzama, wakilala kibanda kimoja na kula chungu kimoja. Utotoni Tabu aligema mpira wa porini, utomvu unapakwa mikononi mpaka ukauke, kisha unabanduliwa na vinyweleo vyake vyote, mtoto analia. Kila alipomkuta mwenzake na ndoo ya glavu alisema neno moja.

"Osha vizuri, we Mngoni. Hiyo ni ngozi yangu."

Kunegunda alicheka. Siku hizo hakuwa na kingine cha kumchekesha. Mumewe, Hironimus, alipata maji mara mbili: mara ya kwanza mapadri walimbatiza, mara ya pili mjumbe wa vita alimnyunyizia ile dawa ya kugeuza risasi za Wazungu kuwa maji. Maji yote mawili hayakumsaidia. Alipigwa na bombom, ile bunduki ya kumimina risasi, karibu na boma, asubuhi, akiwa bado amelowa, na Kunegunda akamzika mwenyewe kwenye mteremko wa kuelekea Matogoro, na risasi yake kifuani. Tangu hapo alipoona mtu ananyunyizia mwingine maji, hata mama akimtoa mtoto joto, aligeuza uso.

Siku risasi ya kwanza ilipogeuka, ni Kunegunda aliyekuwa ameshika kibakuli cha bati. Mgonjwa alikuwa mateka, mzee kutoka njia ya Madaba, amepigwa pajani. Bwana Daktari aliivuta risasi kwa koleo, akaidondosha kibakulini, nayo haikulia. Mlikuwa na maji tu, kiasi cha kijiko, masafi, ya baridi. Bwana akatazama kibakuli, akatazama koleo, akatazama sakafuni, akasema maneno ya Kijerumani ambayo Polikarp hakuyatafsiri, akamwamuru Kunegunda afagie aitafute. Kunegunda akafagia.

"Usijisumbue, mwanangu," mzee alimwambia kutoka kitandani. "Tuliambiwa zitageuka maji. Sisi ndio hatukuuliza lini."

Kisha akaomba ageuzwe alalie ubavu wa pili.

Zilifuata nyingine. Risasi za askari wa boma zililia kibakulini kama kawaida, nzito na nyeusi. Risasi za wale walionyunyiziwa zilitoka na kugeuka maji, zote, bila kukosea. Bwana Daktari alibadilisha kibakuli, akaleta kingine cha bati, ikawa vilevile. Mwishowe akasema viwanda vya siku hizi vinatengeneza risasi mbovu, akaacha kuuliza. Polikarp alieleza kwamba ni lile bati: risasi iliyokwisha kutana na dawa, ikigusa bati inayeyuka. Hakuna aliyewahi kuiweka risasi mahali pengine, kwa hiyo hakuna aliyembishia.

Maji hayo yalimwagwa nje pamoja na uchafu mwingine mpaka siku Tabu alipokuwa na mstari. Ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Alipewa kibakuli akamwage, naye, Mwislamu aliyezoea kwamba maji safi hayatupwi, akajimiminia mkononi akanawa. Asubuhi walipokunja nguo, mstari ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kifundo. Kesho yake ukarudi kwenye kidole, ukatoka kwa njia uliyoingilia. Tabu akasema alhamdulillahi, akaenda kufua.

Baada ya hapo maji yalikusanywa. Polikarp alitafuta kibuyu, akakining'iniza kwenye nyasi za paa, na kila asubuhi watu wa banda walipanga safu, yeye akawadondoshea tone moja moja mikononi, wakaisugua wakaenda kazini. Hakuna aliyepata mstari tena. Wabeba machela wakarudi kunenepa. Watu walifungua vidonda vilivyooza wakiimba, na hayo ndiyo maisha ambayo mfanyakazi wa wagonjwa anastahili, ama walau kipande chake.

Kunegunda peke yake hakupanga safu. Alinawa kwa majivu. Polikarp alimsihi, Tabu akamsihi na kumtukana, kazi bure. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu aliumwa mahali ambapo hapafungiki kitambaa. Kile kibuyu kilimkera kama mgeni aliyekosa adabu. Alipokuwa akipita chini yake alijiuliza kwa nini maji yale yaweze kuokoa kidole cha mfuaji na hayakuweza kuokoa kifua cha Hironimus, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kumjibu, alizidi kuyachukia.

Asubuhi moja Shaushi Nassoro alipita na effendi wake, yule mkubwa wa askari, akaikuta safu. Alisimama. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye sauti kubwa, na vitambaa vya paja lake Tabu aliwahi kuvifua mwezi mzima.

"Watu wamepanga safu, mmoja ananyunyiza," alisema kwa nguvu. "Mambo hayo tunayajua sana. Jioni nakuja kupekua. Nikikuta chombo chochote cha maji ya dawa, kamba bado tunazo."

Mchana ule Polikarp aliitwa bomani kufunga mguu wa mtu. Tabu alikuwa kijitoni na vitambaa. Kunegunda alibaki na kibuyu. Angeweza kukificha kwenye matete; matete yalikuwa hatua chache tu, marefu kuliko mtu. Alikishusha, akashangaa uzito wake. Risasi nyingi zilikuwa humo, na watu wao. Akakipeleka nyuma ya banda, chini ya kamba ya glavu, akakiinamisha na kumwaga taratibu, mpaka tone la mwisho, ardhi ikanywa. Alijiambia kwamba anawaokoa wenzake na kitanzi, na hiyo ilikuwa kweli, nusu yake. Nusu ya pili ni kwamba alitamani kuyamwaga tangu siku ya kwanza, na alipokuwa akiyamwaga aliona raha, raha ambayo baadaye ilimtesa kuliko kitu chochote alichopata kukifanya. Kibuyu akakitupa kwenye majani, kikapasuka.

Jioni Nassoro alikuja kweli. Alikuja peke yake, hana bunduki, mkono wa kulia ameufunga kitambaa. Akapiga hodi kibandani kwa wanawake, akakaribishwa, akaketi kwenye kinu kilicholazwa, akafungua kitambaa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kama kiazi.

"Naomba tone moja tu, mama," alimwambia Kunegunda.

"Ulisema unakuja kupekua."

"Effendi alikuwa nyuma yangu. Ulitaka niseme nini?"

Kunegunda akatoka, akarudi na vipande vya kibuyu, akaviweka chini mbele yake. Nassoro alivigeuza kwa mkono wa kushoto. Akasema haya, basi, akafunga kidole chake, akaaga. Kesho yake Bwana Daktari alikikata kidole hicho, kwa uangalifu mkubwa, baada ya kunawa kwa karboli.

Tabu alipoelezwa alicheka kwanza, maana mtani ni mtani.

"Nyie Wangoni nyie! Mkipewa maji mnakufa, mkiachiwa mlinde mnamwaga." Kisha akageuza mboga chunguni. "Tutapata mengine," akasema.

Hawakupata. Vita vilikuwa vimeondoka upande ule, vikaacha njaa ikae mahali pake. Wagonjwa walioletwa bandani sasa walikuwa wameumwa na tumbo tupu, na mizizi ya porini iliyopikwa vibaya, na viboko. Watu walikaa na kungoja risasi kama wanavyongoja mvua, na hakuna aliyeona ajabu, ila Polikarp, ambaye mapadri waliporudi aliungama kwamba aliwahi kuiomba. Safu ya asubuhi ikaisha. Watu wakarudi kukunja nguo na kuonyeshana mikono.

Pini iliyomchoma Tabu ilikuwa ndogo, ya kawaida, imesahauliwa kwenye kitambaa cha mpishi wa bomani. Aliichomoa, akainyonya damu, akatema, akaendelea. Mstari ulipotoka aliwaonyesha bila kusema, kama mtu anavyoonyesha doa la nguo. Ulipofika kwenye kiwiko Polikarp alikimbia kwa bwana, na bwana akaja mwenyewe mpaka kibandani, akainama mlangoni, akauliza hali, akauliza kama amelala vizuri, akaushika mkono kwa glavu zake na kuutazama. Akasikitika sana. Akasema karboli haiponyi jambo hilo, karboli inazuia. Ilitakiwa anawe kabla.

Safari hiyo Polikarp alitafsiri neno kwa neno. Kunegunda alikuwa ameketi miguuni pa Tabu, na alisikia, na akajua yapo mawili yaliyoweza kuzuia: moja lilifungiwa chumbani kwa bwana, na la pili alilimwaga yeye.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini usiku kucha Kunegunda aliwaza, na kulipopambazuka akakumbuka kwamba iko risasi moja ambayo haijatolewa.

Siku ile watu wote waliamriwa kupanda bomani, wake kwa waume, kushuhudia wakubwa wao wakinyongwa. Safu ndefu ilipanda kimya. Kwenye kichuguu Kunegunda alichepuka, jembe limo ndani ya nguo, akashika njia ya Matogoro. Alichimba. Mvua ilikuwa imelainisha udongo, na kaburi alilolichimba mwenyewe alilijua. Hatutasema alichokiona, ni mume wake, na yeye hakupata kumwambia mtu. Aliomba radhi, akaingiza mkono, akaipata risasi mahali alipoiacha.

Alikusudia kuifunga kwenye pindo la nguo aifikishe kibandani, ambako kibakuli cha bati kilikuwa tayari kando ya kitanda cha Tabu. Lakini haikuwa bati. Polikarp alikosea. Risasi ilikaa kiganjani kitambo cha kutaja jina la mtu, ya vuguvugu, kisha ikalainika ikawa maji, yakaanza kutafuta njia kati ya vidole. Hakuwa na chombo wala jani. Akayatia mdomoni.

Alifukia kaburi, akateremka mashavu yamejaa, akipumua kwa pua. Maji yalikuwa na ladha ya mto wa asubuhi. Hakukimbia, asije akajikwaa. Alipita mashamba yaliyoungua, akapita kichuguu, na alipofika kivukoni Ruhuwiko akaliona paa la kibanda chao ng'ambo. Bwana Daktari alikuwa akivuka kutoka bomani, juu ya nyumbu wake, Nassoro mbele ameshika hatamu kwa mkono wenye vidole vinne.

"Jambo, Kunegunda," alisema bwana, akasimamisha nyumbu katikati ya maji.

Kunegunda akainamisha kichwa kwa heshima.

"Hujambo?"

Akainamisha tena, chini zaidi. Nassoro alimtazama yale mashavu, akatazama udongo magotini mwake, akaelewa. Akageuza macho kutazama kijito, maana hakuwa na njia nyingine ya kumsaidia.

"Na Tabu? Tabu hajambo?"

Bwana akangoja. Hakukasirika. Alikuwa ametoka kuona watu wengi wakining'inia, uso wake ulikuwa mweupe kuliko siku zote, na ilionekana wazi kwamba alitaka sana mtu yeyote amwambie kuwa fulani hajambo. Kiboko kilikuwa kiunoni kwa Nassoro. Na kabla ya kiboko palikuwa na kitu cha zamani zaidi: Kunegunda alifundishwa kujibu salamu kabla hajafundishwa kutembea, na mkubwa alikuwa amemwuliza mara tatu.

Akameza.

"Hajambo, bwana," alisema.

"Vizuri. Vizuri sana," alijibu bwana, akapita.

Baadaye alifikiri juu ya viboko. Viboko vingepona. Angepigwa, angelala kifudifudi wiki moja, na mdomo ungebaki umefumbwa mpaka kibandani. Alilifikiri hilo miaka mingi, kila alipokunja glavu, na kila mara alifikia palepale.

Tabu alimwona akiingia.

"Umetoka wapi na tope lote hilo?"

"Kwa Hironimus."

"Anasemaje?"

"Alinipa maji. Nimeyameza njiani. Bwana alinisalimu."

Kunegunda akapiga magoti, akakiweka kile kidole mdomoni mwake, akajaribu mate, akajaribu na machozi, yaliyokuwa mengi. Mstari uliendelea na safari yake. Tabu alimwacha ajaribu mpaka akachoka, kisha akampapasa kichwa kwa mkono mzima.

"Haya, mlongo, ndugu yangu," alisema. "Afadhali safari hii hukumwaga."

Alikufa kesho yake, alasiri. Mtani ndiye mwenye kazi kwenye msiba, kwa hiyo Kunegunda alijifunga kitenge cha kiunoni, akafanya kazi yake. Waislamu walipolibeba jeneza alilizuia njiani kama desturi inavyotaka, akaliambia Myao mvivu, umeona kazi imezidi umejilaza, vitambaa vya kesho atafua nani? Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Akaendelea kumtukana mpaka udongo ukaisha kurudishwa, hakukosea neno hata moja, na walioijua sauti yake walisema hawajapata kusikia matusi yanayoumiza masikio namna ile.

Mwezi uliofuata Kunegunda alijichoma na mfupa. Kidole kikapona kabla hajamaliza kufua kitambaa chenyewe. Akajichoma na pini, shimo likajifumba. Akajichoma kwa makusudi, kwa msumari uliotoka kwenye usaha, akaketi kuungoja mstari, na mstari haukuja. Ngozi ya mikono yake ilianza kulainika, makovu ya kuni na ya jembe yakatoweka, kucha zikang'aa. Ndui ilipopita, alilala katikati ya wagonjwa, akatoka mzima. Maji ya Hironimus yalikuwa yamefanya kazi, kama yalivyoahidiwa, kwa mtu ambaye hakuyataka. Polikarp alijaribu kuyarudisha: alimchanja kidole, akachukua tone la damu, akampaka mbeba machela mwenye mstari. Mbeba machela akafa. Hayakuwa ya kugawana.

Miaka ikaenda. Banda likajengwa kwa matofali, likaezekwa bati, mapadri wakarudi, chupa za karboli zikawa hazivunjiki sana njiani. Polikarp, sasa ana mvi mbili tatu, alipanda tena kuomba dawa ya watu kunawia na glavu za wafuaji. Bwana Daktari alikuwa na mgeni siku hiyo, mkubwa fulani kutoka pwani. Akatabasamu, akamwita Kunegunda.

"Weka mikono mezani," alisema.

Kunegunda akaiweka. Mgeni akavaa miwani. Bwana akaeleza, na Polikarp alielewa kila neno, kwamba mwanamke huyu amefua usaha tangu vita bila kuvaa chochote wala kunawa dawa yoyote, na tazama, ngozi ya mtoto mchanga. Mgeni akabonyeza kiganja kwa ncha ya kalamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapakuwa na la kuongeza. Kunegunda alitamani kusema kwamba wamezikwa wengine, kina Rupert, kina Lidwina, na Tabu aliyekuwa na mikono mizuri kuliko yake, lakini waliozikwa hawakuwa na mikono ya kuweka mezani.

Ikawa desturi. Kila aliyeomba karboli alionyeshwa mikono ya Kunegunda. Alijaribu kuificha ndani ya nguo, akaitwa tena. Alijaribu kuacha kazi, akarudishwa na askari, kwa kuwa mfuaji asiyeugua hapatikani mara mbili. Alichoweza ni kuamka mapema kuliko wote na kufua vile vitambaa vibaya kabla wenzake hawajafika, lakini vitambaa vilikuwa vingi na mikono yake ni miwili.

Mfuaji wa mwisho kuletwa aliitwa Zena, msichana wa kutoka Mbesa, mchangamfu, mwenye maneno. Asubuhi moja alimkuta Kunegunda anaanika glavu kwenye kamba nyuma ya jengo, pale ambapo nyasi huwa mbichi hata kiangazi. Akamwamkia shikamoo, akakunja nguo, akanyoosha mkono. Mstari ulikuwa mwembamba bado, umetoka kwenye kidole, unaingia kiganjani.

"Si kitu, eh, mama?" aliuliza.

Kunegunda aliushika mkono ule kwa mikono yake laini. Nyuma yao dirisha lilifunguliwa, harufu ya karboli ikatoka, na Bwana Daktari akachungulia akiwa anajifuta vidole, uso mkunjufu, tayari kwa siku yake.

"Jambo, Kunegunda! Hujambo?"

Akasimama pale dirishani, akangoja.

"Sijambo, bwana," Kunegunda alijibu, na ilikuwa kweli.